Mbele Hujamwambia Docteur Ndiyo ya Pili

Masika mama,

Ku masomo balitufundishaka kwamba barua inaanza na salamu: hujambo, siye hatujambo, mbuzi pia hazijambo. Nilifika ku mwaka ya ine ya primaire, donc salamu ninajua muzuri. Mais leo sina. Tangu saa kumi niko na hasira, na ukiona fasi biki imetoboa karatasi, ujue ni pale nilikuwa nafikiria docteur yako.

Mama yako iko napanga valize yako mara ya tatu. Amekwisha kukuambia yote: uchemshe maji, usisimame karibu na basoda benye bunduki, upige magoti mbele ya kulala. Sitaongeza kitu pale. Yeye ni mutu ya kwaya, miye ni mutu ya kasikisi, na pombe ya ndizi haijafundishaka mutu kukunja nguo.

Miye nataka kuongea juu ya neno moja ulisema leo ku phonie ya paroisse.

Unajua ile phonie, redio ya kuita mbali. Mutu moja anashika micro, anamaliza na "à vous" ili wa mbali ajibu, na mulongo muzima ya batu benye kungojea inasikia mambo ya nyumba yake. Docteur akaita kutoka Beni, sauti yake kama chura mu bidon. Akasema: "Masika, unanisikia? Juu ya vita bagonjwa ni mingi na bauguzi ni kidogo. Utafanya garde, zamu ya muchana, na ikiisha utaingia ya usiku. Siku ine mu juma. Tuvumilie. À vous."

Nilingojea uulize kitu. Hata "nitalala saa ngapi, Docteur?" Wewe, mwenye diplôme ya uuguzi, mwenye kunifundisha miye kila siku namna ya kunawa mikono, ukakunja goti kidogo mbele ya ile chuma, kama docteur anakuona, na ukasema: "Ndiyo, Docteur. À vous."

Bibi moja mwenye alikuwa nyuma yetu na kuku mu kikapo akauliza mulongo: "Huyu mutoto anaenda ku kazi ao anaenda ku gereza?"

Batu bakacheka. Wewe ukacheka. Na miye nikacheka, nguvu kupita bote. Kufika ku kona ya soko, kicheko ikakauka mu kinywa. Tangu pale sijaongea na mutu, na mama yako anafikiri ni meno.

Docteur yako ananikasirisha, ndiyo. Wewe pia, mais hiyo yako itapita ukisha kufika Beni. Mwenye ananikasirisha kupita ni muzee moja wa kofia ya kuchakaa, baba yako, na ya kwake haijapita tangu vita ya kwanza. Nitakuambia sababu. Mama yako haijui. Akikuomba umusomee barua, sema mwandiko yangu ni mubaya. Hautakuwa umedanganya.

Unakumbuka tulikaa Beni, ku njia ya Mbau. Ulikuwa na miaka kumi na mbili, na kila asubui nilikuwa naenda ku kiwanda ya papaini. Harufu yake uliijua ku nguo yangu, mais kazi yenyewe hukuionaka. Batu balikuwa nakwaruza papai mubichi ku muti, ngozi tu, na maziwa yake inatoka nyeupe. Ile maziwa inafika kwetu mu bisahani, siye tunaikausha mu furu, tanuru ya kuni, moto polepole, muchana na usiku, mpaka inakuwa unga. Moto ikizidi, unga inakuwa rangi ya kahawa na bazungu habaitaki. Moto ikipungua, inaoza. Bazungu banaitumia kulainisha nyama na kutengeneza dawa, juu ile maziwa, mama, inakula nyama. Na nyama ya kwanza inakula ni ya vidole yetu. Hata leo vidole yangu haina mistari. Siku nilienda kutafuta karte ya kitambulisho, karani ya bureau alinikaza dole ku karatasi mara ine, akakasirika: "Muzee, uko mutu ao uko kijiko?"

Donc kwetu kulikuwa sheria moja. Mutu mupya tulimuambia hiyo mbele hata ya kumuuliza jina: mukono hapana kugusa uso. Pua inakuwasha? Unaita mwenzako, anakukwaruza na bega. Tulikuwa nakwaruzana kama mbuzi ku lupango. Jicho inakuwasha? Unalia, machozi inaosha. Mukono, hapana.

Patron yetu, jina yake nitaiachia Mungu. Siye tulimwita Bwana Encore. Zamu yetu ilikuwa inaanza alfajiri na inaisha saa nane. Saa nane kamili, uko nanawa mikono na ndimu na majivu, yeye anatokea ku mulango, tumbo mbele: "Bandugu, encore kidogo." Kidogo yake ilikuwa inaisha saa ine ya usiku, saa batu ya usiku banafika. Mwanzo aliomba mara moja mu juma. Tukamupa. Kisha mara mbili. Kisha akaacha kuomba, akawa anasoma majina tu. "Ni vita," anasema. "Ndege inaweza kuja kesho, inaweza kukosa mwezi muzima, unga lazima ikuwe tayari. Tuvumilie." Yeye mwenyewe, saa kumi na moja amefika kwake, anavumilia kuku ya kukaanga.

Siye ku furu tulikuwa saba. Mwenye akili mu bote alikuwa Mama Kahindo, mwenye kuchekecha unga. Yeye ndiye alishikaka likilimba yetu, na aliishika namna polisi inashika mwizi. Unajua sheria ya likilimba: kila mutu anaweka feza, kila mutu anafika zamu yake, na mwenye kukosa kuweka ameharibia bote. Siku moja, macho yake mekundu kama nyanya, akasema: "Siye tunaweza kuweka likilimba ya sukari, tunaweza kuweka ya mabati. Tunashindwa kuweka likilimba ya hapana?"

"Likilimba ya nini?" Kambale akauliza. Kambale unamukumbuka, ule rafiki yangu mwenye kukuletea miwa. Tulitahiriwaka mwaka moja, yeye na miye, tulilia pamoja.

"Ya hapana," Mama Kahindo akasema. "Leo akija na Encore yake, mumoja anasema hapana kwa jina ya bote, na bote tunatoka nyuma yake. Kesho ni zamu ya mwingine. Akifukuza mumoja, kesho yake hatuji bote. Atatafuta kichwa ya haya mambo, hataiona, juu kila siku kichwa inahama."

"Na kama mutu anafika ku zamu yake anaogopa?"

Mwenye kuuliza hivyo alikuwa miye. Mama Kahindo aliniangalia. "Basi amekula likilimba," akasema. "Na kuzimu kuko fasi yake."

Siku ya kwanza alisema yeye mwenyewe. "Hapana, Patron. Zamu imeisha." Encore akacheka, akafungua kinywa ili asome jina ya mwingine, akakuta migongo tu. Nilifika nyumbani jua ingali juu! Mama yako akatoka mu jiko na mwiko mu mukono: "Balikufukuza?" Siku ya pili alikuwa Kambale. Alivua kofia, akainama sawa mutu anasalimia askofu, akasema: "Hapana, Patron. Mais ulale muzuri." Tulicheka mpaka ku barabara. Furu ya Encore iliharibu bisahani makumi mbili ile magaribi.

Siku ya tatu ilikuwa zamu yangu.

Encore hakuwa mujinga. Hakungojea saa nane. Alikuja saa sita, niko peke yangu ku furu, na ku mukono yake kulikuwa koti ya kaki. Mifuko ine. Vifungo ya chuma. "Papa Paluku," akasema, na hajawahi kuniita Papa, "hawa bengine ni batoto. Wewe ni mutu mukubwa, vita unaielewa. Niko natafuta kapita, mutu wa kusimamia bengine."

Masika, miaka mingi nilijiambia kwamba pale nilifikiria njaa yenu. Muzuri sana, baba mwenye kufikiria njaa ya batoto. Ni uongo. Nilifikiria mifuko. Nilikuwa najiuliza ile ya ine nitatia nini.

"Ndiyo, Patron," nikasema, na nikageuka ili anivalishe.

Saa nane ikafika. Bote bananiangalia, bananingojea na hapana yao, na miye niko mu koti kama jogoo ya askofu.  Mama Kahindo alifungua kitambaa yake ya kichwa, akaifunga tena, polepole. Encore akasema: "Kapita, leo nani anabaki?"

Unaona namna banafanya? Banakupa koti, halafu banakupa kisu. Nilizungusha macho. Mama Kahindo angenitemea mate. Bale bengine bangekataa mbele ya patron, na ningeonekana kapita ya bure. Nikasema: "Kambale."

Nilimuchagua juu alikuwa rafiki yangu. Soma tena pale. Nilijua hawezi kunipatisha haya mbele ya batu. Aliangalia koti, aliniangalia, akasema chini chini: "Inakukaa, ndugu yangu." Akarudia ku furu.

Mutu wa usiku mwenye alipashwa kumupokea hakufika, njia ilikuwa imefungwa. Balikuja kuniuliza nyumbani. Miye kapita nikatuma neno: Kambale aendelee mpaka asubui. Halafu nikakaa mu kiti. Unakumbuka ile magaribi? Ulikuja kuegemea ku magoti yangu, ukaesabu vifungo.

Asubui nilimukuta Kambale amesimama mbele ya furu, macho wazi, na amelala. Nikamuita jina. Alishituka, akanicheka. Kisha, niko hatua tatu karibu naye, alifanya kitu mutoto anafanya akisinzia. Alifunga ngumi mbili na akajisugua macho.

Batu balimwaga maji, balimwaga tena. Jicho moja ilirudi. Ya pili papaini iliikula. Encore akafika, akaangalia, akauliza: "Nani alimuacha hapa usiku muzima?" Bote bakaniangalia. "Kapita, ni wewe ulimuchagua, si vile?"

Na ilikuwa vile. Ndiyo kitu inafanya niko natoboa karatasi hata leo. Mwenye kula kuku alikuwa yeye, mwenye kusema encore alikuwa yeye, na ile siku ya jicho, mwenye kosa nilikuwa miye, na hakudanganya hata neno.

Tulimupakia ku velo kumupeleka ku hôpital. Ku barrière, kizuizi ya basoda bale benye bamekimbia vita mbele na banakula batu nyuma, mumoja akaangalia Kambale na kitambaa ya damu ku uso, akaona hana kitu. Akaniangalia miye. "Papa," anasema na Lingala yake, "longola kazaka." Nikavua koti mbele hajamaliza. Vifungo yote, mifuko yote ine. Sikuwa nimetia kitu hata mu moja.

Kesho yake nikarudi ku kazi na shimizi tu. Encore akanitazama: "Koti iko wapi?" Jicho ya Kambale hakuiulizia. Saa nane akaja ku mulango: "Kapita, leo nani na nani?"

Nikasema hapana. Nilisema nguvu, mama, nilipiga kelele, kumbe sauti niko nayo tangu zamani. Mama Kahindo akasema: "Umechelewa, Papa Paluku." Mais akaweka chekeche yake chini, akatoka, na bote bakatoka. Furu ilizimika siku tatu. Maziwa ikaoza, harufu yake ikatembea njia muzima. Siku ya ine Encore alienda mwenyewe, ku miguu, mpaka ku nyumba ya Mama Kahindo, na balipatana: zamu ikiisha imeisha, na mwenye kubaki ni mwenye kutaka.

Balishinda. Miye siko mu ile ushindi. Encore alikuwa tayari kunirudisha, juu batu kama miye ni muzuri kwa bapatron. Ni benzangu balikataa. "Huyu alikula likilimba," balisema, na habakukosea.

Nikarudi nyumbani, nikawaambia: "Vita imefunga papaini." Mama yako akashukuru Mungu niko muzima. Ukalia juu ya shule. Tukafunga mizigo tukakuja Butembo, na mpaka leo mu hii nyumba banasema kwamba vita ilituhamisha. Hapana. Vita ilifanya mingi, iliua batu yetu, iliiba ngombe, siisemei muzuri hata siku moja. Mais hii ya kwetu ilifanya baba yako na koti. Kesho camion yako ikiondoka, nitamwambia mama yako. Ninaogopa kuliko barrière.

Ndiyo sababu docteur akisema "juu ya vita" mwili yangu inawasha. Hii vita imekuwa boyi ya kila mutu. Muchinjaji anauza mifupa: ni vita. Padri anachelewa misa: ni vita. Bwana analala inje: ni vita. Na docteur, mwenye anapata usingizi yake yote, anataka kula ya mutoto wangu siku ine mu juma, na anatuma vita ikamuombee!

Uuguzi siijui. Wewe unaijua. Mais usingizi ninaijua. Mutu mwenye kusinzia hajui anasinzia, anafikiri iko nafanya kazi. Siku moja, saa ya kumi na nane umesimama, utashika sindano ya kwinini ya mutoto na utasoma kipimo ya baba yake. Mama ya ule mutoto atapiga kelele. Docteur atatoka mu bureau yake, amelala muzuri, uso imepakwa mafuta, na atauliza: "Nani alichoma?" Utasema nini? Utasema ni wewe. Na hautadanganya hata neno.

Mbele ya ile siku atakusifu. Hapo ndipo uchunge. Akikufokea, sina wasiwasi, umekomaa, umeishi na mama yako. Mais siku atasema, "Masika, bengine ni bavivu, wewe ndiye nguzo ya hii clinique," ukumbuke nguzo inasimama muchana na usiku, na hakuna mutu anaiuliza kama imechoka. Akikupa funguo ya dépôt ya dawa, ao jina ya kichwa ya bauguzi, ao ile saa ndogo ya kufunga ku kifua, angalia vidole yake kwanza. Anataka nini na ile mukono ingine?

Na hapana kukataa peke yako kama nilivyokataa, saa jicho imekwisha kwenda. Ukifika Beni, mbele ya kumusalimia docteur, tafuta bale bauguzi bengine. Kaa nabo ku mafiga, menya nabo mihogo, uliza nani amelala lini. Kuko Mama Kahindo mu kila kazi. Hataonekana mukubwa, pengine ni yule wa kufua mashuka. Muwekee hapana yako mu mukono mapema, na zamu yako ikifika, uilipe.

Kambale iko Mbau hata sasa, anauza mafuta ya mawese pembeni ya barabara. Anageuza kichwa muzima kama kuku ili akuone. Mwaka kwa mwaka ninapita kwake, anatoa kiti, tunaongea juu ya mvua. Hajawahi kusema neno juu ya ile usiku, na miye sijapata kinywa ya kuanza. Usimupelekee salamu yangu. Hiyo ni kazi yangu, na nimeichelewesha ya kutosha.

Sasa sikia, juu lampe iko naisha na mama yako anaita nije nikalie valize ifungike. Kesho kutwa, ukisha kuongea na bale bauguzi, mbele ya kuvaa blouse ya kazi, simama mbele ya docteur, goti isikunjike, umuambie: "Docteur, garde moja. Ikiisha, ninalala." Anaweza kucheka. Anaweza kusema Beni imejaa babinti benye diplôme, na kwamba mulango ni ule. Kama ni vile, beba valize yako, panda camion ya kwanza yenye kupanda Butembo, na urudi. Batu ya quartier batasema binti ya Paluku hakumaliza hata juma ku kazi. Baseme. Mama yako atalia, atauliza ni nani alikuharibu akili. Nitasimama mbele yake na nitasema ni miye, na hakuna mutu mwingine.

Baba yako,
Paluku